Kabla Hujarudi Angani, Rehema

Tudor, Mombasa
13 Februari 2024

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kutoka kwetu, na mama anakusalimu pia. Barua yako ilinifikia wiki ileile niliyokuwa nimekubaliwa kuanza tena kuruka kwa parachuti kule Diani, nami nikaona nisikujibu kwa matumaini matupu, bali ningoje kwanza niruke ndipo nikuandikie jambo nililoliona kwa macho yangu. Niliruka Jumamosi iliyopita, tarehe 10. Umeniuliza kama mtu aliyekaa miaka miwili bila kuruka anaweza kurudi, na kama mimi nakushauri urudi. Nitakujibu, lakini kuna jambo lazima nilitangulize, kwa sababu bila hilo ushauri wangu utakuwa na kasoro.

Nilipoacha kuruka, nilikuambia wewe na watu wote kwamba ni kwa sababu ya fedha, na kwamba nikirudi nyumbani nisingekuwa na nafasi. Fedha ilikuwa tatizo kweli, lakini si iliyonizuia. Unakumbuka mruko wangu wa 31 pale Perris, California, Novemba 2021, jioni ile ambayo ulinipokea uwanjani ukanishangilia kwa kutua vizuri? Parachuti yangu ilifunguka ikiwa kamba zake zimejisokota. Nilikuwa nimeivuta nikiwa futi 4,000, ikafunguka polepole, na nilipoinua macho nikaona mikanda ya juu imebanana nyuma ya shingo yangu na parachuti yenyewe imeanza kuzunguka. Nilifanya tulivyofundishwa: niliishika mikanda, nikaitanua kwa nguvu, nikapiga mateke kuelekea upande wa kujisokotoa. Kosa langu ni kwamba niliendelea kupiga mateke bila kutazama altimita, kile kipimo cha urefu, hata mara moja. Kamba zilipofunguka na parachuti ikatulia, ndipo nilipotazama, na sindano ilikuwa kwenye futi 2,000.

Wewe unajua maana yake. Sisi wenye leseni ya A, ile ya kwanza ya mrukaji, tulifundishwa kwamba futi 2,500 ndiyo mwisho wa kujadiliana na parachuti mbovu. Ukifika hapo haijatengemaa, unaikata, yaani unaiachia iende zake, na kufungua ya akiba. Mimi nilipita mpaka huo nikiwa nazunguka, na sikujua kwamba nimeupita. Ile kompyuta ndogo ya Cypres tuliyokuwa tukiitegemea mgongoni nayo isingenisaidia, kwa kuwa toleo lile la wenye leseni hufyatua akiba mtu akiwa kwenye futi 750 hivi na bado anaanguka kwa kasi ya zaidi ya mita 35 kwa sekunde, na aliyening'inia chini ya parachuti iliyosokotwa anaweza asiifikie kasi hiyo kabisa. Nilitua salama, nikakunja parachuti, nikacheka na ninyi, nikaandika katika daftari langu la miruko kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Usiku ule sikulala. Juma lililofuata nilisema nina mtihani, na lililofuata nikasema sina fedha, hata nikarudi Kenya bila kuruka tena. Nisamehe kwa kukuficha, Rehema, maana wewe ndiye uliyekuwa ukinikagua mikanda kabla ya kupanda ndege, na ulistahili kuambiwa.

Sasa nikuambie nilivyorudi. Nilikuwa nimekusudia kuanza tena Oktoba, lakini zile mvua za El Nino za mwishoni mwa mwaka jana zilinyesha pwani yote hata barabara zikakatika, na mawingu hayakutupa nafasi. Niliporidhika kwamba kaskazi imetulia, nilivuka kivuko cha Likoni asubuhi na mapema, nikapanda matatu hadi Ukunda, nikaenda kwa mwalimu nikiwa na leseni yangu na daftari langu. Kwa kanuni za chama cha Marekani, USPA, mwenye leseni ya A akikaa zaidi ya siku 60 bila kuruka anapaswa kufanya mruko wa kujirejesha pamoja na mwalimu. Mimi nilikuwa na miaka miwili na miezi mitatu. Mwalimu alipofungua daftari na kuuliza mruko wa mwisho ulikuwaje, nilikuwa na maneno mawili mdomoni, nikachagua la kweli, nikamsimulia kama nilivyokusimulia wewe hapa.

Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Ulitazama altimita lini?" Nikamjibu kwamba niliitazama baada ya tatizo kwisha. Akasema basi hapo ndipo tutakapoanzia, na kwamba siku ile sitapanda ndege.

Siku nzima niliimaliza ardhini, na nakuambia kwa moyo mmoja kwamba siku ile ilikuwa na thamani kuliko mruko wenyewe. Alinivalisha mikanda iliyoning'inizwa kwenye boriti, miguu yangu ikawa haigusi chini, akawa ananionyesha picha za parachuti zenye hitilafu mbalimbali, moja baada ya nyingine bila kunitayarisha: iliyopasuka, iliyofungana kama kifurushi, iliyokatika usukani, iliyosokotwa. Kila picha nilitakiwa kwanza niseme kwa sauti niko futi ngapi, kwa kutazama altimita aliyokuwa akiibadilisha kwa mkono wake, kisha ndipo niamue. Niligundua jambo lililonitia hofu. Maneno yote nilikuwa nayakumbuka, ningeweza hata kuyafundisha, lakini mikono ilikuwa imesahau. Mara ya kwanza nilipotakiwa kukata, mkono wa kulia ulikwenda sawa kwenye mshikio mwekundu, ila wa kushoto ulipapasa kifuani ukitafuta ule wa chuma wa akiba, na niliupata baada ya muda ambao, kwa kasi ya kuanguka, ungekuwa mamia ya futi. Tulirudia mpaka macho yakawa yanatangulia na mikono inafuata: tazama chekundu, shika, tazama cha chuma, shika, vuta cha kwanza mpaka mwisho, vuta cha pili mpaka mwisho. Nadhani nilirudia zaidi ya mara 60. Mabega yaliniuma siku mbili.

Alinirudisha Jumamosi. Mwezi ulikuwa ndio kwanza unaandama, maji ya bamvua, na kufikia saa nne asubuhi bahari ilikuwa imetoka mbali kuelekea mwambani, mchanga wa Diani umepanuka mweupe na mgumu. Nilikuwa sijafikiri kwamba mtu wa pwani kama mimi ningepaswa kujifunza upya bahari kwa ajili ya kuruka. Kule Perris tulitua kwenye uwanja mkavu, nyuma yake mashamba na milima ya kahawia, na kosa la mita 200 lilikuwa ni kutembea tu. Hapa kosa hilo ni maji. Kwa hiyo nilivaa jaketi la kuokolea lisilojazwa upepo, na nikakaririshwa mambo ya kutua majini: kutojaribu kukisia urefu kwa macho, kwa kuwa maji humdanganya mtazamaji, kutojitoa kwenye mikanda nikiwa bado hewani, na kujitoa chini ya kitambaa kwa kufuata mshono mmoja hadi ukingoni. Upepo nao si ule wa kubahatisha. Kaskazi ilikuwa inavuma kwa utulivu, na mwalimu alinitaka nimweleze mpango wangu wote wa kutua kabla hatujakaribia ndege: futi 1,000 nitakuwa wapi, 600 nitageukia wapi, 300 nitaelekea wapi, nikiwa nimeukabili upepo na bahari ikiwa mkono wangu wa kulia.

Parachuti aliyonipa ilikuwa ya futi mraba 230, kubwa kuliko ile ya mwisho niliyoitumia Perris, yaani ya polepole kama ya wanaoanza. Kwa sekunde moja nilitaka kumwambia kwamba mimi nimeshapita hapo. Sikusema, na nafurahi sikusema.

Ndege ilipanda taratibu, nusu saa nzima hadi futi 12,000, na katika nusu saa hiyo hofu ilikuja yote. Si hofu ya kuanguka. Ilikuwa hofu ya kamba, ya kuinua macho na kukuta mikanda imebanana tena. Niliitumia nafasi hiyo kugusa vile vishikio viwili, tena na tena, huku natazama altimita kila tulipopita futi 1,000. Mlango ulipofunguliwa, baridi na mngurumo vikaingia kwa pamoja, nikaiona chini Diani yote, msitu wa kijani, utepe mweupe wa mchanga, maji ya samawati, halafu ule mstari wa povu pale mwambani ambapo bahari kuu inaanza. Mwalimu alishika mkanda wangu begani, tukatoka pamoja.

Rehema, mwili haukusahau. Nilikunja mgongo, hewa ikanibeba, na katika sekunde chache za kwanza nikatulia kama mtu aliyelala juu ya maji. Tulikuwa na sekunde 40 na ushei. Nilifanya majaribio matatu ya kugusa kishikio cha kufungulia bila kukivuta, nikatazama altimita baada ya kila tendo, na mwalimu alipoona niko imara akaniachia mkono. Nilipunga ishara nikiwa futi 5,500, nikavuta nikiwa 5,000. Ilipofunguka nilitazama altimita kwanza, futi 4,200, ndipo nikainua kichwa. Ilikuwa imenyooka, mraba mzima, kamba zote zimetengana. Nikalia. Nililia kidogo tu kwa kuwa nilikuwa na kazi ya kuendesha.

Kutua hakukuwa kuzuri. Nilichelewa kidogo kuvuta usukani wa pande zote mbili, miguu ikafika kabla kasi haijaisha, nikaenda kwa magoti kwenye mchanga. Wavuvi wawili waliokuwa wanasukuma ngalawa walisimama kutazama, na mmoja akaniuliza kama nimeumia. Hapana, sikuumia. Jioni ile niliandika yote katika daftari, pamoja na magoti, na katika ukurasa wa mruko wa 31 nikaongeza kwa kalamu nyingine yale ambayo nilipaswa kuyaandika mwaka 2021.

Mama hakuniuliza kuhusu hofu. Unamjua, maisha yake yote ni cherehani. Alitaka kuona picha za mikanda, akazikuza kwenye simu akichunguza mishono ile ya kupita mara nyingi pale mkanda unapopinda, akauliza uzi ni wa aina gani na nani anayekagua. Nilipomwambia kwamba parachuti ya akiba hukunjwa na fundi mwenye leseni anayeweka sahihi yake na tarehe kwenye kadi, na kwamba fundi huyo hutia lakiri ili ijulikane kama imeguswa, alinyamaza, kisha akasema kwamba huyo fundi anajua kazi. Tangu hapo hajanikataza.

Basi jibu langu kwako ni hili. Rudi, ila usirudi kwa kuendelea pale ulipoachia. Wewe una mikanda yako mwenyewe uliyoinunua ikiwa imetumika, nayo imekaa kabatini muda wote huu. Kwa sheria ya huko Marekani akiba inatakiwa kukunjwa upya kila baada ya siku 180, kwa hiyo yako imepitwa na muda mara nyingi, na Cypres yake nayo ina tarehe ya mwisho ya kutumika iliyowekwa na watengenezaji. Usimkubalie mtu atakayekuambia kwamba kitambaa kilichokaa mahali pakavu hakiharibiki. Mpelekee fundi akague kila kitu, hata mipira na kamba. Pale Perris lipo handaki la upepo, ambamo hewa humwinua mtu bila ndege, nawe ukilipia dakika 10 tu mwili utakumbuka jinsi ya kulala juu ya hewa. Lakini handaki halitakufundisha vishikio, wala halina parachuti ya kukuonyesha. Hayo yatake kwa mwalimu, ardhini, siku nzima kama ikibidi, na kama wewe nawe una mruko ambao hukuuandika kama ulivyokuwa, umwambie kabla hajakuuliza.

Pia omba parachuti kubwa kuliko ile uliyoizoea. Najua utaona uchungu kidogo, kwa kuwa ulikuwa unatua vizuri kuliko sisi sote.

Mimi nitaruka tena Jumamosi ya tarehe 24, mwezi utakuwa mpevu na maji yatatoka tena mbali. Nataka kufanya miruko mitatu kabla ya kaskazi kuisha, kwa sababu kusi ikianza kuvuma kwa nguvu mwalimu ameniambia mapema kwamba mwenye miruko michache kama yangu atakuwa akikaa chini siku nyingi kuliko atakazoruka. Nitakupigia simu jioni hiyo. Kabla ya hapo tafadhali ifungue mikanda yako, chomoa ile kadi ya akiba mfukoni mwake, uniandikie tarehe ya mwisho iliyotiwa sahihi.

Rafiki yako akupendaye,
Zuhura