Ukakasi wa zabibu zako, Baba

Torino, Italia, 9 Novemba

Baba na Mama, shikamooni.

Mdogo wangu ameniambia kwamba mvua bado inasuasua na kwamba Baba ameshamaliza kupogoa shamba la chini. Poleni na jua. Huku baridi imeingia, asubuhi ukungu unafunika hadi taa za barabarani. Pesa niliyopata kwenye mavuno nimetuma sehemu yake kwenye simu ya Mama. Ni ya salfa, ule ugonjwa wa mizabibu, ubwiri unga, usije ukawatangulia tena kama mwaka jana.

Siku ile nilipoanza kuwasimulia chakula cha kufunga mavuno, simu ilikatika. Nawaandikia kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo Baba lazima alisikie.

Mnakumbuka nilikwenda kuchuma zabibu kwenye vilima vya Langhe, kusini mwa Torino, chuo kilipotupa nafasi. Zabibu yenyewe inaitwa Nebbiolo. Inachelewa sana kuiva, huchumwa Oktoba ukungu ukiwa umetanda, na wenyeji wengi husema jina lake limetoka kwenye neno lao la ukungu, nebbia. Nilipomwambia mzee mwenye shamba kwamba Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, aliweka mkasi chini akaniomba nirudie. Baba, mtu aliyezaliwa katikati ya mizabibu alinisikiliza habari za shamba lako kama mwanafunzi.

Siku ya mwisho alituchukua wachumaji wote kumi na mmoja hadi mgahawa mdogo pale La Morra. Mvinyo alikuja nao mwenyewe, kutoka ghalani kwake. Mwenzetu mmoja Mwislamu kutoka Senegal hanywi, na mzee alikuwa ameshaagiza apikiwe sahani yake isiyoguswa na mvinyo. Yake ndiyo iliyotangulia mezani. Mama, niliona heshima ya nyumbani pale.

Walianza na nyama ya ndama, nyingine ya baridi iliyofunikwa kwa mchuzi mzito wa samaki jodari, nyingine mbichi kabisa, imekatwakatwa na kutiwa mafuta ya zeituni na chumvi. Ndiyo Mama, mbichi, na niliila. Mvinyo wake ulikuwa Dolcetto. Jina maana yake ni kitu kitamu kidogo, ila hauna sukari hata chembe. Ni mvinyo wa kila siku, uchachu wake ni mdogo, haukusumbui.

Kisha zikaja tambi wanazoziita agnolotti del plin. Plin ni kufinya: mpishi anafunga nyama iliyosagwa ndani ya unga wa mayai, halafu anafinya kwa vidole tambi moja moja, ndogo kama kucha ya gumba. Zilielea kwenye siagi. Mzee akamimina Barbera, akasema, onjeni kwanza mvinyo peke yake. Mashavu yalinikunjamana kwa uchachu! Nikala kijiko cha tambi, siagi ikatanda mdomo mzima, nikanywa tena. Uchachu ukawa umeifyeka siagi yote, na mvinyo ukanoga kama si ule wa mwanzo. Mama, ni ndimu. Barbera kwenye siagi ni ndimu yako kwenye supu ya mbuzi yenye mafuta.

Hapo mzee alitusimulia habari ya mwaka 1986. Wafanyabiashara fulani walitia methanoli kwenye mvinyo wa bei poa ili uonekane mkali, na zaidi ya watu 20 wakafa. Barbera ilikuwa miongoni mwa mivinyo iliyochafuliwa, na jina lake likaanguka pamoja na wakulima wasiokuwa na hatia. Nilikumbuka misiba ya gongo kwetu, watu kupofuka na kufa kwa ajili ya mtu aliyetaka faida ya haraka. Alisema wengi hapa walijifunza kuvuna kidogo kilicho kizuri, na kwamba ilichukua miaka mingi mnunuzi kuwaamini tena.

Sasa Baba, sikiliza sahani ya tatu.

Lilikuja pande la ng'ombe lililolazwa kwenye mvinyo pamoja na karoti, vitunguu na viungo, kisha likapikwa polepole kwa saa nyingi hadi likawa linaachia kwa uma tu. Wanaliita brasato. Mvinyo ukawa Barolo, ambao ni Nebbiolo tupu, zabibu ileile iliyonichafua vidole. Rangi yake ilinishangaza, nyepesi, inaelekea kwenye udongo wa tofali; niliweka kidole nyuma ya glasi nikakiona. Harufu ni waridi, na nyuma ya waridi kuna lami. Nikasema moyoni, huu ni mwepesi. Nilipoumeza, ulimi ulikauka, fizi zikashikana, kama nimetafuna zambarau isiyoiva.

Ukakasi, Baba. Ukakasi uleule.

Niliweka glasi mezani nikamkumbuka yule mnunuzi aliyekuja nyumbani nikiwa kidato cha tatu. Alionja mchuzi wa zabibu zako, ule mvinyo mchanga wa mapipani, saa saba mchana, juani, kwenye kikombe cha plastiki, tumbo tupu. Akatema. Akasema, "Huu unakwaruza," akakata bei, na wewe ukakubali kwa sababu mapipa yalikuwa hayawezi kusubiri. Jioni ile hukula. Mimi nilisimama mlangoni, nikaamini kwamba zabibu zetu zina kasoro.

Nilimuuliza mzee kuhusu ukakasi huo. Akanisukumia sahani: kula nyama, kisha unywe. Nilifanya hivyo, na ukakasi ukalainika, mvinyo ukapita kama umevuliwa miiba. Chuoni nimeshasoma sababu yake. Kwenye maganda na mbegu za zabibu mna tanini. Tanini hunasa protini za mate, ndiyo maana ulimi hubaki mkavu; ukiwa na nyama mdomoni, tanini inapata protini nyingine ya kushikana nayo, na mafuta yanalainisha. Kwa hiyo ule ukali una kazi, na kazi yake ni nyama. Kuuonja bila chakula ni kama kulamba chumvi ya mchuzi kavu kavu ukalaumu chumvi.

Halafu kuna muda. Sheria yao inataka Barolo ukae miezi isiyopungua 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mapipa ya mbao. Ukakasi hutulia humo. Wewe ulipewa siku tatu. Sisemi zabibu yetu ya Makutupora ni Nebbiolo, kila zabibu na udongo wake, na mapipa ya kukaa miaka mitatu yanahitaji mtaji ambao hatuna. Ila kasoro haikuwa yako, na nimeumia kwamba nimechukua miaka yote hii kukwambia.

Naomba jambo moja. Krismasi mkichinja mbuzi, nunua chupa ya mvinyo mwekundu wa zabibu za kwetu, mkavu, siyo ule mtamu wa sherehe. Uweke kwenye friji nusu saa tu: huku huutoa ghalani ukiwa na nyuzijoto kama 17, joto la Dodoma linaufanya uchome. Mbavu zichomwe kwa chumvi tupu. Pilipili ikae mbali. Hapa Torino niliwahi kunywa mvinyo mzito na tambi za pilipili nikadhani nimemeza kaa la moto, maana pombe na ukakasi huichochea. Samaki pia hapana, mvinyo wenye ukakasi ukikutana naye huleta ladha ya chuma.

Onja fundo moja kabla ya kula. Kisha kipande chenye mafuta, kisha fundo jingine. Mama najua hupendi habari za kunywa, na mimi siku ile nilikunywa kidogo kidogo na maji mengi. Wewe mwache tu Baba aonje, ukae naye. Mdogo wangu anipigie video hapohapo mezani. Nataka kuiona sura ya Baba kwenye lile fundo la pili.

Msalimieni Bibi, mwambieni soksi alizonifumia ndizo zilizonivusha asubuhi za ukungu shambani.

Mwanenu,
wa Torino