Msizihukumu pampu kabla ya kuzipima

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi wa magari. Gerejini kwetu kuna rafu iliyojaa pampu za mafuta ambazo wateja walibadilishiwa kwingine, wakaja kwetu na gari bado linazima. Nyingi ni nzima. Naomba nafasi niseme na wenye magari ya zamani, maana ndio wanaouziwa spea kwa kubahatisha.

Kwenye gari la injekta, fungua swichi bila kupiga stata, utege sikio upande wa tanki. Pampu nyingi hunguruma kama sekunde 2 kisha hunyamaza. Ikiwa kimya, usifungue tanki bado. Angalia fyuzi, halafu rilei (swichi ndogo ya umeme inayoiwasha pampu). Mara nyingi ndani ya boksi la fyuzi kuna rilei nyingine ya aina ileile, zibadilishane nafasi ujaribu. Kisha pima volti pale pampuni, plagi ikiwa imechomekwa na pampu ikipelekewa umeme. Hapa ndipo wengi huteleza: wanachomoa plagi, geji inaonyesha volti 12, wanasema umeme upo. Waya uliooza ndani huonyesha 12 vizuri tu mradi haujabebeshwa mzigo. Ukibebeshwa unaweza kushuka hadi 9, na pampu mpya nayo itazunguka kivivu kama ya zamani. Kwenye magari yenye umri, kagua waya wa ethi (wa hasi) pale unapofungwa kwenye bodi, kwani kutu hupenda kukaa hapo.

Kunguruma nako si ushahidi. Pampu inaweza kulia na isisukume kitu. Fundi asiye na geji ya presha hana haki ya kuitoa pampu, nasema hivyo hata kama wenzangu watanuna. Injekta nyingi za zamani zinataka takriban bar 3, ila kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Presha ikiwa nzuri gari limesimama, halafu ikaanguka ukikanyaga mafuta, shuku filta iliyoziba au kichujio kilicho chini ya pampu. Lakini ukigonga tanki na injini ikawaka, hapo sibishani: pampu imechoka, mara nyingi brashi za mota (zinazoipa umeme) zimekwisha. Badilisha pampu na filta pamoja, usafishe tanki, na uache kutembea na taa ya mafuta ikiwaka, kwa kuwa mafuta hayohayo ndiyo yanayoipoza pampu.

Magari mengi ya kabureta yana pampu ya diaframu (kiwambo cha mpira) inayosukumwa na kemshafti, shafti inayofungua valvu. Mpira ukichanika, petroli inaweza kushuka hadi kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili unuse. Kikinuka petroli, usiwashe injini mpaka ubadilishe pampu na oili pia.

Sasa pampu ya maji. Gari likichemsha, utaona kwanza thamostati (valvu inayozuia maji mpaka injini ipate moto) inang'olewa na kutupwa, eti maji yapite vizuri. Injini inabaki baridi muda mrefu, inakula mafuta, na ugonjwa wenyewe haujaguswa. Injini ikiwa imepoa kabisa, tazama chini ya shafti ya pampu, kuna tundu dogo. Likiwa na alama ya maji au chumvichumvi ya kulanti (dawa ya maji ya rejeta), sili inayozuia maji imekufa. Shika puli uitikise, na ikicheza, beringi imekwisha. Pampu kavu isiyocheza inaweza bado kuwa mbovu ndani: waliojaza maji matupu miaka nenda rudi hukuta mapanga yake yameliwa na kutu. Lakini kabla ya kuifungua, jaribu kifuniko cha rejeta, maana kisiposhika presha maji huchemka mapema. Angalia pia kama gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Gasketi ya hedi (inayoziba kati ya hedi na bloku) ikiwa imeungua, gesi hupita hapo, na pampu haina kosa.

Pampu inayozungushwa na taiming belti (mkanda unaozungusha kemshafti) ibadilishwe pamoja na belti hiyo. Kazi ya kufungua ni moja, na beringi ikikwama baadaye huondoka na belti, na kwenye injini nyingi valvu hugongana na pistoni. Silikoni pakeni kidogo tu, na pale inapotakiwa. Ile inayofurika kwa ndani hukatika ikaenda kuziba rejeta, halafu mteja anarudi kwetu akidai pampu tuliyomfungia ni feki.

Wasalaam,
Fundi na msomaji wenu