Kofia ya Bwana Harusi

Langoni, Lamu
Ijumaa, 3 Mei 2024 (24 Mfungo Mosi)

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, mama yuwakusalimu. Naanza na lile lililonikaa kooni tangu asubuhi: sitawahi harusi yenu huko Kilwa, maana kimbunga Hidaya kinakuja. Tikiti ya basi ya Jumapili nimeirudisha. Nusu ya nauli imepotea na sikugombana na mtu. Kilichoniuma ni mkoba wangu uliokuwa umesimama mlangoni siku ya tatu, umeshafungwa, na nikalazimika kuufungua tena.

Njia yenyewe unaijua, uliipita ulipotujia kwa Maulidi. Boti mpaka Mokowe, kisha Witu, Garsen, Malindi, Mombasa, Horohoro, Tanga, Dar es Salaam, ndipo mtu aanze kuitafuta Kilwa. Mvua za mwaka huu ziliiharibu kabla hata hicho kimbunga hakijapewa jina. Mto Tana umejaa, na upande wa Gamba gari likipita leo huna hakika la kesho. Leo Rais ametangaza kwamba shule hazitafunguliwa Jumatatu, maana mafuriko yameshaua watu zaidi ya 200 nchini, na akasema huenda Kenya ikapata kimbunga chake cha kwanza. Baada ya maneno hayo gati yote ilinyamaza.

Kaka yangu amepandisha boti yake juu pwani, na ametoa mashine kabisa akaileta ndani, imelala ukumbini inanuka mafuta. Wenzake nao hawatoki. Lakini yeye haiogopei Lamu. Anasema upepo wa kimbunga huzungushwa na mzunguko wa dunia, na karibu na mstari wa Ikweta nguvu hiyo ni ndogo mno. Sisi tuko digrii 2 tu kusini ya Ikweta. Tutapata mawimbi na upepo wa kutikisa makuti, basi. Nilimuuliza, "Na Kilwa?" Akanyamaza kwanza. Ninyi mko karibu na digrii 9.

Ndiyo maana naandika barua ndefu badala ya kukuomba radhi kwa maneno mawili. Nakujua. Utasema mambo haya ni ya Msumbiji na Komoro, kwetu hayafiki. Shoga yangu, hufika. Unguja ilipigwa mwaka 1872, majahazi na merikebu za Sultani Barghash zikavunjika bandarini na mikarafuu ikang'oka mashamba kwa mashamba. Lindi, jirani zenu, walipigwa mwaka 1952. Na kimbunga Kenneth cha mwaka 2019 kilipiga kaskazini ya Msumbiji, kisiwa cha Ibo kule, kwa watu wanaofunga vitambaa na kujenga nyumba kama zetu, si mbali na mpaka wenu. Kwa hiyo usingoje uone wingu jeusi ndipo uamini.

Sikiliza basi. Kule kwetu kusini ya Ikweta kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kikipita kaskazini yenu, tuseme Mafia, upepo utawajia kutoka baharini, na maji utayasukuma juu ya nchi. Nyumba ya baba yako iko hatua ngapi kutoka ufukweni? Mimi naikumbuka, nilikuwa nikisikia mawimbi nikiwa kitandani. Msilale hapo kesho. Nendeni shuleni au msikitini, penye ukuta wa mawe na juu ya kilima, na mwende mchana, msingoje giza. Neema moja tu naiona: mwezi umekonda lakini haujafa, bamvua, yale maji makuu ya mwezi mwandamo, bado. Lau ingekuwa bamvua ningekuwa nalia sasa hivi.

Mabati ya jikoni yafungeni kwa kamba ya kupita juu mpaka kwenye vigingi, au myashushe, maana bati likiruka ni panga. Jazeni madumu ya maji kabla kisima hakijaingiliwa na chumvi. Dawa za presha za bibi, vyeti, na vile vitambaa vya harusi, vyote ndani ya nailoni mbili. Simu zijazwe chaji leo. Na hili mwambie mume wako kwa jina langu: upepo ukikatika ghafla, pakawa shwari na jua likachomoza, asitoke kwenda kutazama mashua. Huenda hilo ni jicho la kimbunga. Upepo hurudi kutoka upande wa pili, na huwakuta watu wako nje.

Jina Hidaya limenitia huzuni. Nilikuwa nimeandaa hidaya yangu mwenyewe: kofia ya bwana harusi, nimeishona kwa mkono tangu mwezi wa Rajabu, matundu madogo madogo, mengine nikiyafumua kwa kuwa hayakuniridhisha. Nyuzi za mwisho nimezimaliza juzi usiku. Nilitaka nimvishe mwenyewe.

Naiacha barua hapa, adhana ya magharibi inatoka.

Jumapili, 5 Mei

Jana sikuweza kuituma, mtandao ulikuwa hauendi. Huku tumepata upepo wa usiku mmoja na mawimbi yaliyopiga ukuta wa gati, basi, kama alivyosema kaka. Redio imesema kimbunga kimefika Mafia na kwisha nguvu. Lakini watu wameanza kusema barabara imekatika Somanga, njia ya kuja kwenu, mabasi ya kusini yamekwama huku na huku, nami simu yako nimeipiga tangu alfajiri haiiti.

Saa nne ndipo sauti yako iliponifikia. Nimeisikiliza mara nne. Mlilala shuleni, jiko limekwenda lote, mnazi wa uani umelala, na bibi anauliza kama harusi ipo. Nilikaa chini kwenye ngazi nikalia, mama akadhani nimefiwa.

Mwambie bibi kwamba harusi ipo. Mmesema mnaisogeza mpaka Mfungo Pili, na mimi naona ni vyema, kwanza mjenge jiko, biriani haipikwi nje kwenye matope. Kaka atawatafutia makuti ya kuanzia na mtu wa Tanga wa kuyapitisha, kama Somanga pataunganishwa upesi. Niandikie upana wa lile jiko. Na mpime bwana harusi kichwa tena kwa uzi, kile kipimo cha kwanza ulikikadiria kwa macho, na kofia naogopa itambana.

Shoga yako,
wa Langoni