Kabla ya kuchagua njia ya kuunganisha pingili za kiuno

Ndugu Mhariri,

Nipe nafasi nizungumzie upasuaji wa kuunganisha pingili za kiuno. Wagonjwa wengi hutaka kwanza kujua njia ipi ni bora: ya mgongoni, ya tumboni au ya ubavuni. Swali hilo lina uzito wake, ila linatanguliwa na jingine: je, pingili hizo zinahitaji kuunganishwa?

Kuunganisha ni kuzifanya pingili mbili, mara nyingi ya nne na ya tano, au ya tano na mfupa ulio chini yake, ziote na kuwa mfupa mmoja. Skrubu na vyuma huzishika tu zisicheze, kama mirunda inavyoshikilia zege la slabu hadi likomae. Kinachounganisha ni mfupa uliopandikizwa, nao huchukua miezi sita hadi mwaka, pengine zaidi. Ukigoma kuota, skrubu hulegea au chuma hukatika, na mara nyingi maumivu hurudi. Sigara ni adui mkubwa hapa kwa sababu nikotini hupunguza damu inayofika kwenye mfupa mchanga. Mvutaji aache angalau wiki nne kabla ya upasuaji, na asirudie hadi mfupa uote. Mwenye kisukari naye ashushe sukari kwanza, la sivyo kidonda hutunga usaha kwa urahisi.

Sasa njia zenyewe. Kupitia mgongoni, daktari huondoa sehemu ya mfupa, husogeza mishipa ya fahamu, kisha huweka kijisanduku mahali pa diski, yaani kile kitako laini kilicho kati ya pingili mbili. Mshipa ukivutwa sana, mguu hufa ganzi au hulegea. Utando wa uti ukichanika, maji yake huvuja. Wapo wanaopita pembeni, kwenye kiungo cha upande mmoja, ili mshipa uvutwe kidogo zaidi.

Kupitia tumboni, misuli ya mgongo haiguswi na kijisanduku kikubwa huingia, hivyo mpindo wa kiuno hurudi vizuri. Hatari iko kwenye mishipa mikubwa ya damu iendayo miguuni, ambayo imelala mbele ya pingili hizo. Kwa mwanamume kuna jingine ambalo asifichwe: vijishipa vya fahamu vinavyofunga mlango wa kibofu wakati wa kumwaga vikijeruhiwa, manii huingia kwenye kibofu. Nguvu za kiume kwa kawaida hubaki, lakini kupata mtoto huwa shida. Kijana aambiwe haya kabla hajatia sahihi.

Njia ya ubavuni hupita kwenye msuli mkubwa unaonyanyua paja. Baadhi hutoka na ganzi ya paja au ugumu wa kupanda ngazi, na wengi wao hupata nafuu kwa wiki au miezi. Pingili ya mwisho haifikiki kwa njia hiyo kwa kuwa mfupa wa nyonga unaziba.

Na matokeo? Watafiti wa Sweden, katika ripoti za 2001 na 2002, walifuatilia watu 294 wenye maumivu sugu ya kiuno. Waliofanyiwa upasuaji walipangwa kwa kura katika makundi matatu: mfupa bila vyuma, mfupa na skrubu, na skrubu pamoja na mfupa mahali pa diski. Mifupa iliungana kwa asilimia 72, 87 na 91. Ungetarajia nafuu nayo ipande hivyo, lakini baada ya miaka miwili makundi hayo hayakutofautiana kwa kiasi cha maana katika maumivu. Kilichopanda ni madhara: asilimia 12, 22 na 40. Kwa hiyo picha nzuri ya eksirei peke yake isimfanye mtu aamini kwamba mgonjwa amepona.

Kwa maumivu ya kiuno tu, utafiti wa Uingereza wa 2005, wenye watu 349, ulilinganisha upasuaji na mazoezi mazito ya takriban saa 75 ndani ya wiki tatu. Upasuaji ulizidi kwa pointi 4 tu katika kipimo cha 100 kinachopima jinsi mgongo unavyomzuia mtu kufanya shughuli zake.

Pingili iliyoteleza na kubana mishipa ya fahamu ni habari nyingine. Norway mwaka 2021, kati ya wagonjwa 267, waliopanuliwa tu mfereji wa uti wa mgongo, ili mishipa isibanwe, walipata nafuu ya kutosha kwa asilimia 71, na waliounganishwa pia, asilimia 73. Utafiti mdogo wa Marekani wa 2016 uliwapa waliounganishwa ahueni kiasi, na waliorudishwa chumba cha upasuaji ndani ya miaka minne walikuwa asilimia 14 ya waliounganishwa, dhidi ya 34 ya waliopanuliwa tu. Kwa maoni yangu, kuunganisha kuwe na sababu inayoonekana, kwa mfano pingili inayocheza. Omba eksirei ukiwa umesimama, ukiinama na ukijipinda nyuma. MRI, yaani picha ya sumaku inayopigwa ukiwa umelala, inaweza isionyeshe mchezo huo.

Mwulize daktari: ni pingili zipi, kwa nini kupanua peke yake hakutoshi, na vyuma vitagharimu kiasi gani. Baada ya upasuaji, ukishindwa kukojoa, ukifa ganzi sehemu za siri au miguu ikilegea ghafla, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Mtaalamu wa tiba ya mgongo,
Dar es Salaam