Sukuma wiki ya wazee iling'olewa kumpisha mgeni rasmi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme jambo moja kabla ya Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, kwa sababu mwaka jana nilisema baada ya siku yenyewe kupita na haikusaidia kitu.

Mimi ni bwana shamba, nimestaafu tangu mwaka 2013. Kila Jumanne na Ijumaa napanda bodaboda kwenda kwenye kituo kimoja cha kulelea wazee, si mbali na kwangu. Sikitaji jina, maana wanaofanya kazi pale ni watu wema na hili linaweza kutokea kituo chochote. Mara ya kwanza nilikwenda kumjulia hali mzee niliyewahi kufanya naye kazi. Nikakuta watu wamejipanga barazani wanatazama geti. Nikamwamkia mmoja, kisha nikamuuliza wanamsubiri nani. Akanijibu, "Chakula." Ilikuwa saa 3 asubuhi.

Ndipo tukaanzisha kikundi cha bustani, watu tisa, kwa pakiti mbili za mbegu na viroba sita. Kinachomshinda mkulima mzee kwanza ni kuinama, kwa hiyo bustani yetu ni ya viroba. Unachanganya udongo na samadi iliyooza vizuri. Katikati ya kiroba unasimamisha kopo la rangi lililotolewa tako, unalijaza kokoto, pembeni unajaza udongo, halafu unalivuta kopo juu kidogo, unajaza tena, hivyo hivyo mpaka juu. Inabaki nguzo ya kokoto katikati, na hapo ndipo unapomwagia maji, yashuke mpaka chini. Ubavuni unatoboa matundu na kupandikiza miche ya sukuma wiki au chainizi. Mzee anakaa kwenye kiti chake, kiroba kinamfika kifuani, anachuma bila kuinuka.

Nilidhani nakwenda kufundisha. Kuna bibi mmoja wa Lushoto, macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Nilimpa mbegu za mchicha, akazisugua kwa vidole, akanusa, akasema, "Hizi zimezeeka kuliko mimi, mwanangu. Hazioti." Nikaenda pembeni nikasoma pakiti: muda wake ulikuwa umepita zamani. Nina cheti cha kilimo na nilikuwa sijaisoma. Nilipoleta nyingine, yeye ndiye aliyezichanganya na mchanga mkavu kabla ya kusia, kwa sababu mbegu za mchicha ni ndogo kama vumbi, ukizisia peke yake zinarundikana mahali pamoja. Kisha akafungua fundo la kanga yake akatoa mbegu za mnavu alizozikausha mwenyewe. Alizipata wapi humo ndani, mpaka leo hajaniambia.

Mwingine ni babu wa Kasulu, aliyekuja kukata mkonge enzi za manamba, kabla ya Uhuru, na hakurudi tena kwao. Vidole vimepinda kwa baridi yabisi, mpini wa kawaida haukai mkononi. Fundi baiskeli akatugawia mipira chakavu ya ndani, tukaizungusha kwenye mpini wa kijembe mpaka ukanenepa akaweza kuushika. Kijembe hicho hakiguswi na mtu. Usiku kinalala chini ya kitanda chake.

Mchicha ulikuwa tayari wiki ya nne, na jikoni wakaukataa. Mboga huletwa na mzabuni, wakasema, na hakuna utaratibu wa kupokea mchicha wa wazee. Basi ukauzwa getini kwa mafungu, fedha zikawekwa kwenye kopo la maziwa kwa bibi wa Lushoto. Walinunua sukari, betri za redio na ugoro. Huo ugoro ulizua maneno ofisini. Mtu amekata mkonge ujana wake wote, ana miaka 80 na ushee, leo umnyime ugoro ili aishi mpaka lini?

Mwaka jana, mwishoni mwa Septemba, nilifika Ijumaa nikakuta viroba vimetupwa nyuma ya choo, vimepasuka, sukuma wiki imelala kwenye udongo mizizi juu. Barazani pamepandikizwa nyasi, na mawe yamepangwa na kupakwa chokaa. Mgeni rasmi anakuja. Vibarua waliambiwa wasafishe eneo, nao wakaona viroba ni uchafu. Hakuna mzee aliyeulizwa, na mimi pia sikupigiwa simu. Siku ya sherehe mgeni alihutubia vizuri tu juu ya kuwaenzi wazee, akakabidhi mchele, sabuni na mafuta. Sina ugomvi naye, hakujua amekanyaga wapi. Babu wa Kasulu hakutoka chumbani siku hiyo. Nyasi zilikufa kabla ya Novemba kwa kukosa mtu wa kuzimwagilia.

Nilimsimulia binti yangu, anayetunza wazee katika makazi ya namna hiyo huko Minnesota, Marekani. Kwao theluji inakaa miezi, miche wanaikuzia ndani dirishani, na nyanya hazitoki nje mpaka katikati ya Mei, lakini klabu ya bustani ipo. Matuta yao ni masanduku ya mbao yenye miguu, mwenye kiti cha magurudumu anaingiza magoti chini yake. Akaniambia habari ya utafiti wa mwaka 1976 uliofanywa na Ellen Langer na Judith Rodin kwenye nyumba ya wazee huko Connecticut. Wazee wa ghorofa moja walipewa mimea waitunze wenyewe, wakaachiwa pia kuamua mambo yao mengine madogo madogo. Wa ghorofa nyingine walipewa mimea vilevile, ila wauguzi ndio waliomwagilia. Baada ya wiki tatu wale wa kwanza walikuwa wachangamfu zaidi. Mimea ilikuwa ile ile, Mhariri.

Binti huyo huyo ndiye aliyenionya juu ya jua. Baadhi ya dawa za presha humtoa mtu maji mwilini na kuifanya ngozi iungue upesi, kwa hiyo sisi tunafanya kazi saa 1 hadi saa 3 asubuhi, kofia kichwani, ndoo ya maji ya kunywa kando. Hilo wasimamizi walilikubali mara moja. La kuwauliza wazee kabla ya kugusa bustani yao ndilo gumu, sijui kwa nini. Nilipolileta kikaoni nilijibiwa kwamba eneo ni mali ya kituo. Sawa, eneo ni la kituo. Sukuma wiki ilikuwa ya nani?

Naomba wasimamizi wa vituo vyote wanaoandaa sherehe mwaka huu wampitishe mgeni rasmi kwenye viroba, bibi wa Lushoto amwonyeshe. Na jikoni wanunue mboga za wazee kwa bei ile ile wanayomlipa mzabuni, hata kama ni siku mbili tu kwa wiki. Fomu ya kupokelea itatungwa, fomu hazitushindi.

Sisi tumeanza upya. Tuna viroba 11, na mnavu wa bibi umeota tena. Kabla ya mvua za vuli tunataka vifike 20, kwa hiyo msomaji mwenye viroba vya sukari vya kilo 50 asivitupe, apeleke kituo cha wazee kilicho karibu naye. Vya saruji hapana.

Bwana shamba mstaafu
(Jina na anwani vimehifadhiwa)