Kabla hujamleta mzazi Dar, upange mchana wake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wale wanaojiandaa kumleta mzazi Dar es Salaam kutoka Mbinga, Lushoto, Kilwa au kwingineko, aje apumzike. Nia yao ni njema, na mara nyingi hakuna namna nyingine: baba amefariki, mama kabaki peke yake, presha haishuki, hospitali iko mbali. Tunachoomba kiangaliwe ni mchana wa mzazi huyo akishafika.

Sisi tunaohudumia wazee tunaujua mchana huo. Nyumba iko Goba au Madale, ukuta mrefu, geti la chuma. Wenye nyumba wanatoka saa 11 alfajiri kuikwepa foleni, wanarudi saa 2 usiku wamechoka. Wajukuu wako shule. Mzee anashinda sebuleni na dada wa kazi, mbele ya televisheni. Akishika ufagio ananyang'anywa: "Bibi, wewe pumzika." Nyumba ina watu sita, lakini tangu chai ya asubuhi hadi magharibi hajaongea na mtu. Mwenzake aliyepanga chumba Manzese au Buguruni, kwenye nyumba yenye koridoo katikati, uani pa pamoja na baraza mbele, huenda hana ndugu hata mmoja pale, na bado kutwa anasalimiwa, anaombwa chumvi, anaulizwa habari za zamani, anabishana.

Ubongo unaiona tofauti hiyo. Mazungumzo ni kazi nzito kwake: kumtambua mtu, kukumbuka alisema nini jana, kutafuta jibu, kusoma uso. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la kitabibu la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, ambayo kwa pamoja yanahusishwa na takriban asilimia 45 ya ugonjwa wa demensia, yaani wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, duniani. Kutengwa na watu kulipewa asilimia 5, na kupungua kwa usikivu asilimia 7. Ni kweli kwamba anayeanza kuugua hujitenga mwenyewe, hivyo chanzo na matokeo huchanganyika katika tafiti za namna hii. Lakini hatuoni sababu ya kusubiri uthibitisho zaidi ndipo tumtoe bibi barazani.

Lipo jambo linalowashtua watu wengi. Mzee alikuwa mzima kijijini, wiki tatu Dar tayari amechanganyikiwa: usiku hakioni choo, kila jioni anafunga kanga zake arudi kwao. Familia inasema mji umemharibu, wengine wanasema karogwa. Mara nyingi ugonjwa ulikuwepo kwa miaka, mazoea yakaufunika. Alzheimer, mojawapo ya aina za demensia, hushambulia mapema hipokampasi, sehemu ya ubongo inayojifunza mambo mapya na kuweka ramani ya mahali. Mazoea ya mikono na miguu yanahifadhiwa sehemu nyingine, na hudumu zaidi. Kule kwao miguu iliijua njia ya kisimani na mkono ulijua chungu kiko wapi. Hakuna siku aliyotakiwa kujifunza kitu kipya. Huku kila mlango unamtaka ajifunze, na anachojifunzia ndicho kilichoumia.

Kwa hiyo uchunguzi ufanyike kabla ya safari, si baada. Waulizwe majirani zaidi kuliko yeye mwenyewe: amewahi kupotea njia aliyoizoea? Anaunguza sufuria? Analipa deni lilelile mara mbili? Hata ambaye hakusoma anaweza kupimwa. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walitengeneza kipimo kifupi kiitwacho IDEA, chenye vipengele sita visivyohitaji kusoma wala kuandika. Kimojawapo ni kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Kiulizieni hospitalini.

Mabadiliko yakija kwa saa au siku chache, hiyo si demensia inayoanza, na wala si uzee. Tafuteni malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji, sukari kushuka, au dawa. Mpelekeni siku hiyohiyo, na dawa zake zote mzitie kwenye mfuko mmoja daktari azione. Piriton anayopewa kwa mafua, amitriptilini ya maumivu ya miguu na diazepamu ya usingizi, kila moja inaweza kumvuruga mzee akili. Anayetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi apimwe vitamini B12, maana dawa hiyo huishusha, na upungufu wake huathiri kumbukumbu. Dawa yoyote isikatishwe nyumbani bila ushauri. Macho yaangaliwe kama yana mtoto wa jicho, na masikio kama yamezibwa na nta. Nta itolewe na mhudumu, si kwa njiti ya pamba, ambayo huisukuma ndani zaidi.

Chumba kiwe chini, karibu na choo. Aje na kitanda chake, mkeka wake, redio yake, na vipangwe kama vilivyokuwa kwake. Mlango wa choo upakwe rangi tofauti na ukuta, na taa ndogo ya kuchaji iwepo njiani, ile inayowaka yenyewe umeme ukikatika. Bomba la kushikia lifungwe kwenye ukuta wa tofali, sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni. Likifungwa kwenye vigae tu litang'oka siku atakayoteleza. Kapeti ndogo zinazotembea ziondolewe.

Halafu huo mchana. Atembee nusu saa kabla jua halijawa kali, siku tano kwa wiki. Zinatimia dakika 150 zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Apewe kazi ambayo isipofanyika chakula hakiivi: kuchambua mchele, kumenya vitunguu, kukuna nazi kama mikono ina nguvu. Akichelewa, asubiriwe. Kila siku aongee na watu wasiopungua wawili wasio wa nyumba hiyo, awe mama wa genge, wenzake wa jumuiya au wa msikitini. Kama lugha ya kwao ni Kimatengo au Kisambaa, atafutwe mtu wa kuiongea naye, kwa sababu lugha ya utotoni mara nyingi ndiyo hukaa mwisho. Na dada wa kazi asiachiwe mtoto mchanga, jiko na mzee kwa pamoja. Mmojawapo ataachwa, na kwa kawaida ni mzee, kwa kuwa halii.

Kuna utaratibu mmoja tunaoupinga waziwazi: kupokezana mzazi mwezi mmoja Kimara, mwezi mwingine Mbagala, mwingine Kigamboni. Kwa watoto ni haki, ila kwa mzazi mwenye tatizo la kumbukumbu ni kuanza upya kila baada ya siku 30, na kila akianza anapoteza kidogo. Mzazi akae sehemu moja, wanaozunguka wawe watoto. Asiyeweza kuja alete pesa ya msaidizi.

Kumfungia ndani kwa kufuli asipotee nako ni hatari. Moto ukitokea hakuna wa kumtoa. Namba ya simu ishonwe kwenye pindo la nguo yake, na mjumbe, kijiwe cha bodaboda na wenye maduka ya karibu wamjue kwa sura.

Ombi letu la mwisho ni kwa serikali za mitaa. Mabaraza ya wazee yasiishie kuitwa kwenye vikao. Ofisi ya mtaa ifunguliwe asubuhi mbili kwa wiki, saa 2 hadi saa 5, pawe na viti vyenye egemeo, kivuli, maji, choo kinachofikika bila ngazi, ubao wa bao na mashine ya kupimia presha kutoka zahanati ya karibu. Familia ziambiwe siku hizo, ili anayekwenda kazini ajue mahali pa kumpitishia mzazi wake.

Wahudumu wa afya ya wazee,
Temeke, Dar es Salaam