Maandishi yatulie, mikono ionekane

Rafiki yangu mpendwa,

Hujambo? Mimi mzima, ila macho yamechoka kidogo kwa kukaa mbele ya kompyuta. Video yako ya kushona zipu nimeitazama mara tatu, na ile ya tatu nilizima sauti. Hapo ndipo nilipoamua kukuandikia.

Mikono yako inafundisha vizuri mno, lakini maandishi hayaiachii nafasi. Pale unapobana zipu kwa pini, maneno "pinda upande wa ndani" yanaingia yakizunguka, yanarukaruka, kisha yanapotea sijamaliza kuyasoma. Niliyafuata kwa macho, na nilipoyarudisha macho kwenye kitambaa, pini ilikwisha kuingia. Nikapitwa na somo lenyewe.

Mimi huyasoma maandishi kwa sauti mara mbili, bila haraka, na muda huo ndio ninaoyaacha kwenye skrini baada ya kutulia. Kuingia kwake kuwe kufupi: robo sekunde yatosha, yaani fremu (picha moja moja zinazounda video) saba au nane kama video ni ya fremu 30 kwa sekunde. Kwenye programu yako ya kuhariri, weka kialama cha almasi (keyframe, kinachoonyesha mwendo unaanzia au kuishia wapi) pale yanapoanzia, kingine pale yanapopaswa kusimama, halafu kwenye hicho cha pili chagua mwendo unaopungua taratibu. Hata mkasi ukiusukuma juu ya meza hupunguza kasi kabla ya kusimama. Maandishi yakifanya vivyo hivyo, jicho linayapokea bila kushtuka.

Ule mstari wa vitone unaojichora juu ya kitambaa kuonyesha sindano itapita wapi, tafadhali usiuguse! Ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Unatangulia sindano kidogo tu, nasi tunajua pa kutazama. Laiti kila kinachocheza kwenye video yako kingekuwa na kazi kama hiyo.

Mshale mwekundu nao una ukingo mweupe uliochakaa, hasa juu ya kitambaa cheusi. Kosa si lako. Ni GIF, faili ya picha inayocheza, na aina hiyo ya faili ni ya tangu 1987: kila fremu hubeba rangi zisizozidi 256, na kila nukta ya picha ama inaonekana kabisa ama haionekani kabisa, hakuna nusu. Kwa hiyo kingo haziwezi kuyeyuka vizuri kwenye picha iliyo chini yake. Uchore mshale ndani ya programu yako ya kuhariri, au tafuta picha za PNG (aina nyingine ya faili ya picha, isiyo na kasoro hiyo) zinazofuatana, zisizo na mandharinyuma.

Maandishi ya chini yapandishe kidogo pia. Kwenye simu yanafunikwa na vitufe na maelezo ya video.

Na ile mimweko ya mwishoni, jina lako linapowaka na kuzimika, naomba uitoe kabisa. Mwanga ukimweka zaidi ya mara tatu kwa sekunde unaweza kumwangusha mtu mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga. Huwezi kujua nani anatazama. Jina likitokea polepole na kukaa, litasomeka.

Ukishairekebisha sehemu ya pini, nitumie hiyo tu, hata kama nyingine bado. Nina zipu yangu hapa inayosubiri.

Akupendaye,
rafiki yako